Vidole Viwili Chini ya Kidevu

Juzi nilikuwa natengeneza kachumbari, chupa ya siki ikaniponyoka na kumwagika jiko zima. Wanangu walikimbia wakiziba pua. Mimi nilibaki nimesimama palepale na kitambaa mkononi, kwa sababu kwangu siki si harufu ya chakula, ni harufu ya baba yangu. Alikuwa mpiga picha pale Lyamkena, Makambako, na siki aliitumia kwenye sinia la katikati, ili dawa isiendelee kuikoleza picha. Ilimwingia kwenye kucha na kwenye mikono ya sweta. Tumemzika mwaka huu, na tangu tumzike nimejikuta nikifungua chupa za siki dukani na kunusa, huku muuza duka akinitazama kwa mashaka.

Ninyi wa rika langu mnazikumbuka studio zile. Pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kiti kimoja cha kistaarabu, na kitana kilichofungwa kamba kwenye kioo ili kisitoroke na mteja. Nilikulia humo. Ila leo sitaki kuwasifia studio. Nataka kusema jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu: mimi ni mtu wa wivu. Si wivu wa mume wala wa nguo. Wivu wangu una jina, unaitwa Otilia, na ulianza msimu mmoja wa kipupwe nilipokuwa na miaka kama kumi na moja.

Otilia ni mtoto wa shangazi yangu Yustina, dada pekee wa Baba. Shangazi aliolewa Manda, huko chini ziwani, na huko ndiko ugonjwa wa siku chache ulikomchukua na ndiko alikozikwa. Bibi, yaani mama yao, alikuwa akiishi kijijini karibu na misheni, nje kidogo ya Njombe. Miguu yake ilikuwa imeshakataa safari ndefu, kwa hiyo hakumzika binti yake. Baba alikwenda peke yake, akarudi na Otilia, mfuko mmoja wa nguo na furushi la dagaa. Otilia alikuwa amenipita miaka mitatu, mrefu, mkimya, mwenye macho yasiyo na haraka.

"Huyu ni dada yako," Mama aliniambia. "Mpishe kitandani."

Nikampisha. Hilo halikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni kamera.

Baba alikuwa na kamera ndogo ya kazi za kila siku, ile ya vitambulisho na harusi. Lakini wiki chache baada ya msiba alirudi kutoka misheni amebeba kamera nyingine, kubwa, ya mbao, iliyoachwa na padri mmoja wa zamani na kusahauliwa stoo. Mbele ilikuwa na lenzi ya shaba, nyuma kioo cha ukungu, na katikati ngozi iliyokunjwakunjwa iliyovutika kama kinanda cha mkono. Ilisimama kwa miguu mitatu. Filamu yake haikuwa ya kuviringisha. Ilikuwa moja moja, kila moja kubwa kama jalada la daftari, na rafiki yake wa Dar es Salaam alimtumia kwa basi boksi moja la filamu kumi, akasema hakuna jingine.

"Ya nini yote hii?" niliuliza.

"Najaribu taa," Baba alisema.

Akajaribu taa kweli. Alifunga balbu kubwa tatu ndani ya makarai, akazitundika kwenye nguzo alizozichonga mwenyewe. Akabandika karatasi za fedha za pakiti za sigara kwenye ubao, apate kurudisha mwanga upande wenye giza. Akavua blanketi la kijivu kitandani kwangu na kulipigilia misumari ukutani liwe nyuma ya mtu anayepigwa. Blanketi langu, na Makambako ile, kwenye baridi ile. Kisha akamwita Otilia.

Alimketisha Otilia kila siku jioni, wateja wakishaondoka. Taa moja mbele: uso ukatoka bapa kama chapati. Akaihamishia ubavuni, nusu ya uso ikazama gizani. Akaipandisha juu, akaishusha, akapima umbali kwa mikono yake, akaandika kwenye daftari. Halafu alimwendea Otilia, akaweka vidole viwili chini ya kidevu chake, akakiinua kidogo, akakigeuza kidogo, akarudi nyuma kutazama, akaenda tena. Vidole vile ndivyo vilivyonimaliza. Sikumbuki Baba kunigusa uso hata siku moja. Alinipenda kwa kunipa vyakula na kuniuliza habari za shule. Kumbe vidole hivyo alikuwa navyo siku zote.

"Baba, na mimi?" niliuliza siku ya tatu.

"Wewe huwezi kutulia, Mama," alinijibu. Aliniita Mama kwa sababu nina jina la Bibi. "Hii haitaki mtu wa kutingishika."

Ni kweli haikutaka. Haikuwa na kitufe cha kubofya. Baba alivua kifuniko cha lenzi kwa mkono, akahesabu taratibu hadi sita, akakirudisha, na muda wote huo anayepigwa hakutakiwa hata kumeza mate. Otilia aliweza. Angekaa hadi kesho bila kupepesa. Nilidhani anafanya makusudi, ili Baba aone tofauti yetu. Siku moja Baba aliniruhusu kuingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi na kutazama kwenye kioo cha nyuma, nikamwona Otilia kichwa chini, maana kamera zile hugeuza kila kitu. Niseme ukweli, ilinifurahisha kumwona hivyo.

Halafu Mama naye akaingia kwenye mchezo. Alileta kilemba chake cha Jumapili, cha zambarau, ambacho mimi nilikuwa nimekatazwa hata kukikunja, akamfunga Otilia kichwani. Akarudi nyuma, akasimama kando ya Baba, wakamtazama wote wawili. Mama akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Karibu," Baba alisema kwa sauti ya chini. "Karibu kabisa."

Nikajua basi. Wamepata binti waliyekuwa wakimtaka: anayetulia, anayevaa kilemba kikamkaa, anayewatoa watu machozi kwa kuketi tu kwenye kiti. Mimi nilikuwa wa majaribio. Sijui mtoto huwezaje kujenga nyumba nzima ya uchungu kwa kilemba kimoja, lakini niliijenga na nikahamia.

Filamu tano ziliharibika Baba akijifunza. Tatu zikatoka. Zikabaki mbili. Nilijua hesabu hiyo kwa sababu niliisikia mezani, Baba akimwambia Mama kwamba mbili zinatosha ikiwa hatakosea. Nami nikawaza: zikiisha hizo mbili, hakuna tena kuketi, hakuna tena vidole, na blanketi langu litarudi.

Nilifanya mchana, jua likiwa kali uani. Baba alikuwa amekwenda sokoni, Mama shambani, Otilia kisimani. Boksi la filamu lina vifuniko vitatu vinavyovaliana, kila kimoja juu ya mwenzake, ili mwanga usipate pa kupenya. Nilivivua vyote. Nikafungua karatasi nyeusi. Filamu mbili zilikuwa zimelala humo, za rangi ya waridi iliyofifia, hazina kitu, na nilishangaa jinsi zilivyokuwa za kawaida. Nilizigeuza juani pande zote mbili. Nikahesabu hadi sita, kama Baba. Kisha nikahesabu tena. Nikazirudisha kwenye karatasi, nikafunika vifuniko, nikaweka boksi mahali pake, nikaenda kucheza rede na watoto wa jirani. Nilicheza vizuri sana siku ile.

Kesho yake asubuhi, ilikuwa Jumamosi, Baba aliniita studio.

"Leo kaa wewe," alisema.

Sikuelewa. Akanionyesha kiti. Akawasha taa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Joto la makarai lilinijia usoni na nikasikia ngozi ya mashavu ikikaza. Akasogeza ubao wa karatasi za fedha, akatazama, akausogeza tena. Halafu akanijia. Akaweka vidole viwili chini ya kidevu changu. Vilikuwa vikavu, vya baridi, na vilinuka siki. Akakiinua kidogo, akakigeuza kidogo upande wa dirisha, akarudi nyuma, akanitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama. Nikatulia. Mimi, niliyesemwa siwezi. Sikupepesa, sikumeza mate. Wakati huohuo nilijua kilichomo ndani ya ile kamera, nikajua kwamba hakuna picha itakayotoka.

"Mama," Baba alisema, mkono ukiwa juu ya kifuniko cha lenzi. "Kuna kitu unataka kuniambia kabla sijafungua?"

"Hapana, Baba."

Akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi, akatoka tena.

"Una hakika?"

Ningesema, angezima taa. Angeniondoa kwenye kile kiti.

"Nina hakika," nilisema.

Akavua kifuniko. Akahesabu hadi sita, taratibu, akinitazama machoni. Nawaambieni bila kuficha: zile hesabu sita ndizo nilizokuwa na Baba peke yangu, na sijazijutia hata leo, ingawa najuta yote yaliyozizunguka.

Tukaingia wote chumba cha giza. Filamu zile za zamani hazikuogopa taa nyekundu, kwa hiyo niliona kila kitu. Baba alitumbukiza filamu yangu kwenye sinia la kwanza, akawa analiinua upande mmoja na kulishusha ili dawa itembee. Negativu huanza kuingia weusi mahali palipokuwa na mwanga, shavu, paji, ncha ya pua. Yangu ilianza kuwa nyeusi kote kwa mara moja. Pembeni, katikati, kila mahali. Haikuwa na uso. Baba aliiacha humo hadi ikawa nyeusi tii, akaivusha kwenye siki, akaitoa na kuiweka mbele ya ile taa. Haikupitisha hata mwanga kidogo.

"Nilijua tangu jana," alisema. "Vifuniko vilivaliana vibaya. Kidogo umekiweka nje, kikubwa ndani."

Nikaitazama ile filamu nyeusi.

"Nimekuuliza mara mbili."

"Unampenda Otilia," nilisema. "Kila siku Otilia."

Baba alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilisikia maji yakidondoka kwenye sinia.

"Mimi nimepiga watu wote wa mji huu," alisema. "Wa Lyamkena, wa stesheni, wapita njia. Dada yangu nilikuwa namwambia, wewe si mgeni, tutapiga siku nyingine. Alikuwa ananishikia taa, humu humu ndani. Sina picha yake hata moja. Mumewe hana. Bibi yako ameomba misa ya kumkumbuka, akaniambia, Baba, kaburi liko mbali, niwekee basi uso wake mezani, nisiombe mbele ya meza tupu. Sasa ningemwambia nini? Kwamba mwanao mpiga picha hana picha?"

Ndipo nilipoelewa kile kilemba. Otilia alikuwa amevikwa utu uzima wa mama yake. Taa ya pembeni ilikuwa ya kumwongezea miaka mashavuni. Na kamera kubwa ilitakiwa kwa sababu negativu yake ni kubwa, mkono wa mtu unaweza kufanya kazi juu yake. Hawakumwambia Otilia kwa kuogopa ataanza kulia na kushindwa kuketi, na pia Mama alisema si vizuri mtoto ajue anavaa sura ya marehemu. Kwa hiyo mimi nami sikuambiwa.

"Ile ya tatu imekaribia," Baba aliendelea. "Nilitaka kuisafisha, nimweke Otilia chini, nimweleze sasa, anionyeshe mama yake alikuwaje hasa. Wapi nimekosea. Halafu nipige upya kwa hizo mbili." Akatikisa kichwa. "Sasa hakuna kupiga upya. Nikimwonyesha akaniambia nimekosea, nitamjibu nini? Nitajaza kwa kukumbuka."

Hakunichapa. Alinipa kazi. Kwa siku nne, baada ya shule, nilikaa mbele yake kwenye meza ya dirishani nikimchongea penseli kwenye msasa hadi ncha zikawa kama sindano. Aliiegemeza ile negativu ya tatu kwenye kioo, mwanga wa dirisha ukipenya kwa nyuma, akaifanyia kazi kwa penseli na wembe. Kwenye negativu mambo huwa kinyume: unapotia penseli panakuwa peupe kwenye picha, unapokwangua panakuwa peusi. Alitia penseli kwenye mifupa ya mashavu. Alikwangua chini ya macho, laini, kama mtu anayemnyoa mtoto. Mara kwa mara aliinua macho, akanitazama usoni kwa muda mrefu, akarudi kwenye kazi.

"Geuka kidogo," angesema. "Hapo. Tulia hapo."

Nami nilitulia. Nilijua nimeadhibiwa, lakini nilikuwa na furaha ya siri ambayo haikustahili kabisa. Otilia alikuwa jikoni na Mama. Mimi ndiye niliyekuwa mbele ya Baba.

Misa ilikuwa kanisani kwao Bibi, asubuhi yenye ukungu kiasi cha watu kuingia wakifuta nywele. Picha ilikuwa imesafishwa kubwa, fundi seremala ameitilia fremu, imesimama juu ya meza yenye kitambaa cheupe na mshumaa. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kilemba kichwani, mwanga umelala kwenye shavu moja. Kwa macho yangu alikuwa mama wa mtu kabisa. Wanawake wawili walimshika Bibi mikono, wakamsogeza hadi mbele. Akainama, pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Kamwene, Yustina," alimsalimu. "Umechelewa."

Kanisa zima likalia. Baba alilia kwa mabega. Wanawake wakamkumbatia Otilia, wakampitisha kutoka kifua hiki hadi kile, na hata pale, mbele ya altare, nilimwonea wivu. Walipomwachia alirudi kukaa kando yangu kwenye benchi. Akaitazama picha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona.

"Mama hakuwa hivi," aliniambia sikioni.

"Nyamaza," nilimwambia.

"Nyusi si hizi. Na hapa," akagusa taya lake. "Mama hapa hakuwa hivi."

Kisha akamtazama Bibi, aliyekuwa bado ameshika fremu kwa mikono miwili akiisemesha, na akafunga mdomo. Hakulisema tena. Si kwa Baba, si kwa mtu mwingine. Bibi aliomba mbele ya picha ile hadi alipofariki, na alipofariki picha ikaenda kwa Otilia, kwa haki. Amejenga Njombe, ni mwalimu, na picha iko sebuleni kwake juu ya kabati. Kila nilipokwenda kumtembelea niliitazama nikasema moyoni: kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya Baba, na ni ya Otilia. Wateja wa mji mzima wana picha zao. Mimi wa kwake nina vipasipoti vya shule na ile negativu nyeusi.

Baada ya kumaliza matanga ya Baba nilipanda hadi Njombe kupumzika kwake siku mbili. Jumapili tulirudi kutoka kanisani, nikiwa bado na kilemba, nikakaa kwenye kochi. Mjukuu wake wa miaka mitano, ambaye huniita Bibi Makambako, alisimama katikati ya zulia akinitazama, akalitazama kabati, akanitazama tena.

"Bibi Makambako," alisema, "mbona wewe uko juu ya kabati?"

Otilia alikuwa anatoka jikoni na chai. Alicheka. Halafu akaacha kucheka. Akaweka sinia mezani bila kuliangalia, akaishusha picha, akaja nayo hadi nilipo, akaiweka kando ya shavu langu. Nilihisi kioo cha baridi sikioni. Alitazama nyusi. Alitazama taya.

Nikamwambia. Boksi, jua, vifuniko vitatu, filamu mbili ambazo yeye angeambiwa kabla hazijapigwa, siku nne za penseli dirishani. Nilimwambia yote bila kupumzika, na chai ikapoa.

"Kumbe kila Novemba, Siku ya Marehemu, nakuwashia mshumaa wewe," alisema mwishowe. "Mzima, unakula ugali."

"Nisamehe, dada."

Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Aliirudisha picha juu ya kabati, akainyoosha, akakaa kwenye kiti cha mbele yangu.

"Niambie basi alikuwaje," nilimwomba. "Hasa. Kuna watu siku hizi wanachora, tutampelekea mtu. Nyusi zake zilikuwaje?"

Otilia alifungua mdomo. Mkono ukapanda hadi kwenye paji lake, kidole kikaanza kuchora kitu hewani juu ya jicho, kikasimama. Akajaribu tena, chini zaidi. Akageuka kuitazama picha, kama anayetaka kuikumbukia humo, kisha akanitazama mimi.

"Sijui tena," alisema, na mkono ukashuka magotini.

Nilikaa pale chini ya uso wangu, na kwa mara ya kwanza maishani hapakuwa na kitu cha Otilia nilichokitamani.